Kiti cha Kumlaza Bosi

Shemeji yangu Sponji ana kipaji ambacho hakuna shule inayokifundisha: analala popote. Amewahi kulala kwenye foleni ya benki akiwa amesimama, watu wakampita mmoja mmoja kwa heshima wakidhani anasali. Alilala kwenye harusi yake mwenyewe wakati mjomba wetu anatoa nasaha, dada yangu akamfinya paja, akazinduka na kusema "nakubali" kabla hajaulizwa kitu. Alilala kwenye kiti cha daktari wa meno mdomo ukiwa wazi, na daktari akasema hajawahi kupata mgonjwa mwenye ushirikiano kama yule. Ukimwambia ana usingizi wa pono, anakujibu kwamba pono hana karakana, yeye anayo.

Karakana yenyewe ni chumba kirefu chenye mlango wa kuvuta juu, sakafu iliyojaa madoa ya gundi, na dirisha moja la nyuma linalotazama ukuta wa jirani. Tunatengeneza makochi mapya na kufufua ya zamani. Karibu na mlango anakaa seremala wetu anayeunda fremu, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku ujue kuna sikukuu. Katikati panawekwa sponji, pamba na mikanda ya mpira. Mwisho kabisa nipo mimi na cherehani yangu, nashona vitambaa. Mimi ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo nina leseni ya kumtania ambayo hakuna mwenye mamlaka anayeweza kuifuta. Wengine humwita bosi. Mimi humwita shemeji nikiwa na shida, na Sponji siku nyingine zote.

Kazi alijifunza kwa fundi mmoja mkali, mtu mfupi mwenye masharubu ya vumbi la mbao, ambaye hakuamini vyeti hata kidogo. Imani yake ilikuwa kwamba kochi hupimwa kwa usingizi. Mwanagenzi akidhani ameiva, anatengeneza kochi la mtu mmoja peke yake, kuanzia mikanda ya chini hadi kifungo cha mwisho, analiweka katikati ya karakana, na bosi analikalia mchana kazi zikipungua. Bosi akilala bila kukusudia, umefuzu. Asipolala, fumua uanze upya. Kiti kibaya, alisema mzee yule, humkumbusha mtu kwamba ana mgongo.

Sponji alifeli mara tatu. Mara ya kwanza springi ilimchoma mwalimu mahali ambapo adabu hainiruhusu kupataja. Mara ya pili kitako kililalia upande, mwalimu akawa anateleza kidogo kidogo kuelekea sakafuni huku anamtazama mwanafunzi wake bila kupepesa. Mara ya tatu kiti hakikuwa na kosa lolote, ila mwalimu alikuwa amegombana na mkewe na hakuna ufundi unaotibu hilo. Mara ya nne mzee aliketi, akasema, "Hapa kwenye mkono ungepunguza..." na sentensi hiyo haijaisha mpaka leo. Sponji alisimama akisikiliza mzee anavyokoroma, na huwa anatuambia kwamba katika maisha yake hajasikia sauti tamu kama ile. Dada yangu huwa yupo akisema hivyo, na watoto wao wawili huwa wapo, lakini hasahihishi.

Alipofungua karakana yake aliuhamisha mtihani ule pamoja na nyundo. Tatizo ni kwamba mwalimu wake alikuwa na usingizi wa shida, na yeye anaweza kulala juu ya rundo la kokoto. Akajiwekea sharti: siku ya mtihani anakunywa kwanza kahawa nyeusi, ili haki itendeke. Seremala alimlaza licha ya vikombe viwili. Kuna kijana mwingine alijaribu mara nyingi akashindwa, akaenda kuuza simu, na sasa ana gari. Sponji akimwona anapita hutikisa kichwa kwa huruma.

Basi tulikuwa tunaishi hivyo, hatusumbui mtu, mpaka serikali ilipokuja na mpango.

Habari hizo tuliletewa na mhasibu wetu. Si wetu peke yetu. Anahudumia biashara ndogo za mtaa mzima. Kila mwisho wa mwezi huja na pikipiki na kufanya hesabu zetu akiwa hajavua kofia ya pikipiki, kwa maelezo kwamba ana haraka. Siku hiyo aliketi juu ya gunia la pamba na kutuambia kwamba sasa kampuni ndogo ikichukua kijana kupitia mpango wa uanagenzi, serikali inalipa nusu ya posho yake, na mwajiri anasamehewa kodi ya mishahara kwa ajili ya kijana huyo.

"Kodi ipi?" akauliza Sponji.

"Ile unayolipa wewe juu ya mshahara wa mtu, mzee."

Alimaanisha ile ambayo mwajiri hutozwa kwa kosa la kumpa mtu kazi. Mimi nimeshona vitambaa miaka mingi na kodi hiyo haijawahi kuniingia akilini. Ukivuta sigara unatozwa kwa sababu ni mbaya. Ukiajiri unatozwa kwa sababu gani?

Msamaha, akaeleza mhasibu, unadumu muda wote ambao kijana ni mwanagenzi, ili mradi usivuke mwaka na nusu. Kijana akifuzu katika muda huo, anapewa cheti cha fundi na mwajiri anamwajiri moja kwa moja, kwa mshahara wa fundi na kodi yake yote. Asipofuzu, muda ukiisha anarudi kwao. Na lazima awe hajatimiza miaka ishirini na mitano anapoandikishwa.

Ndivyo alivyokuja Pini. Tulimwita hivyo kwa sababu tangu wiki ya kwanza alishika tabia ya kubana misumari midogo midomoni wakati wa kazi, kwa hiyo akitaka kusema jambo ilibidi kwanza aitemee kiganjani, na wewe unapata muda wa kujiandaa. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega ya kubeba, na huu ulikuwa mpango wake wa tatu. Wa kwanza ulikuwa kwenye duka la kuchapisha kadi, akafundishwa kufungua mlango na kuufunga. Wa pili kwa watengeneza majokofu. Huko alijifunza kweli, lakini msamaha ulipokwisha bosi alimkumbatia mbele ya wote, akamwambia yeye ni kama mwanawe, akampa kikombe chenye picha ya jokofu. Kesho yake akachukua kijana mwingine.

"Nyumbani kuna mama na miguu yake inayovimba, na mdogo wangu yuko shule," aliniambia siku moja tukila. "Na mimi mwakani natimiza ishirini na mitano, Anti. Ile siku nikitimiza, mimi ni hasara. Nani atanichukua na kodi yangu?"

Nilijaribu kumtania kwamba wenzake wanaogopa uzee kwa sababu ya sura. Hakucheka. Nikajiona mjinga, nikamwongezea nyama.

Mwezi ule ule wa kwanza alikuja afisa wa mpango kukagua. Alikuwa mama mnene kidogo, mpole wa sauti, miwani yake imening'inia kwa mnyororo shingoni, na alikuwa na mafua. Alikagua choo, akakagua sanduku la huduma ya kwanza, ambalo ndani yake mlikuwa na uzi wangu. Mwisho akafungua faili lake na kuuliza, "Mwanagenzi akimaliza mafunzo, mzee, utampima kwa mtihani gani?"

Mhasibu alikuwa amemfundisha jibu. Jibu lilikuwa "mtihani wa vitendo". Lakini ukimuuliza Sponji kuhusu makochi, kichwa kinavimba na mafundisho yote yanatoka kwa upande wa pili.

"Nikilala," akasema.

"Samahani?"

Akamweleza yote, mwalimu, masharubu, kahawa, kila kitu, akamwonyesha na mahali kiti kinapowekwa. Afisa alivaa miwani akaandika taratibu, neno kwa neno. Mhasibu, aliyekuwapo siku hiyo, aliinama akashika kofia yake kwa mikono miwili.

Pini alijifunza haraka mpaka seremala alitumia maneno yake kumi ya siku moja kumsifu. Miezi ilipita. Alijua kukaza mikanda kwa sikio, anaipiga kwa kidole na kusikiliza. Alijua sponji ipi inadanganya, ile inayokukaribisha vizuri siku ya kwanza na kufika mwaka imekuwa chapati. Akaanza kiti chake cha mtihani. Alikifanya jioni jioni baada ya kazi za wateja, na kitambaa nilimkatia mimi, cha kijani kibichi, kwa sababu nilikuwa nimeshampenda na sikuona haja ya kuficha.

Siku alipokiweka katikati ya karakana, muda wa mpango ulikuwa umebaki miezi michache. Bahati mbaya ilikuwa pia mwisho wa mwezi. Mhasibu alikiona kile kiti, akakizunguka, akamvuta Sponji kando, nyuma ya rundo la sponji, yaani mbele ya cherehani yangu. Watu husahau kwamba mshonaji ana masikio.

"Mzee, usikae hapo."

"Kwa nini?"

"Ukikaa utalala. Ukilala amefuzu. Akifuzu leo, msamaha umekwisha leo, na kodi inaanza leo. Subiri muda uishe. Akiondoka huyu tunaandikisha mwingine, msamaha unaanza upya. Kila mwaka na nusu unabadilisha, kama mafuta ya gari."

"Lakini msichana ameiva."

"Sijasema hajaiva. Nimesema usikae. Si dhambi, mzee. Ni mpangilio tu."

Sponji akainua macho kwenye paa. Ukweli ni kwamba bei ya sponji ilikuwa imepanda, mteja mmoja wa hoteli alikuwa amehamia kwa makochi ya kiwandani, na paa letu lilikuwa likivuja juu ya mahali pale pale tunapoweka vitambaa vya gharama. Nayasema haya ili nisimwonee. Lakini siku ile Pini alipotema misumari kiganjani na kusema, "Bosi, kiti kipo tayari," jibu lake lilikuwa, "Nitakiangalia."

Na kweli alikiangalia. Alikiangalia kutoka mlangoni, akakiangalia kutoka dirishani, akakiangalia huku anakunywa chai kwa kusimama. Mtu ambaye siku zote hutafuta pa kujibwaga kama kuku anayetaka kutaga, sasa alikuwa anakula chakula cha mchana juu ya ngazi. Alisema mkono wa kushoto umekaza. Pini akaulegeza. Alisema vifungo vya mgongo vimezama. Pini akavitoa vyote akaviweka upya.

"Hujakikalia bado, bosi," alisema Pini.

"Fundi mzuri huona kwa macho."

"Shemeji," nikasema mimi, "mwalimu wako alikuwa anatumia macho? Mimi nilidhani alitumia kiungo kingine."

"Shemeji, shona."

Nilimwambia Pini siri niliyoisikia. Sikuona sababu ya kumficha. Kama unaliwa, afadhali ujue meno ni ya nani. Alinisikiliza bila kubadilika uso. Nikampa shauri kwamba tukisogeze kiti karibu na mlango, jua la saa nane lianguke juu yake, tumpikie bosi chakula kizito, kisha tuimbe kidogo kidogo. Angelala apende asipende.

"Hapana," akasema. "Nataka alale kwa sababu ya kiti. Akilala kwa sababu ya wali, basi aliyefuzu ni wewe."

Halafu ikaja Jumanne ya mvua. Gari la sponji lilikuja wakati mvua imeshika kasi, tukabeba wote mpaka tukalowa hadi mifupani. Kazi ilipokwisha mimi na seremala tulikwenda mgahawani kutafuta chai. Pini alibaki kwenye kistoo chetu cha nyuma anafunika mzigo kwa turubali. Kilichotokea alinisimulia mwenyewe, na kwa kuwa sijawahi kumkamata akitia chumvi, nakisimulia kama nilikiona.

Sponji alibaki peke yake katikati ya karakana, amechoka, maji yanamchuruzika. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatandika gunia juu ya kiti cha kijani ili asikiloweshe, akaketi. Pengine alitaka tu kujua. Mimi naamini alitaka kujua, maana ni fundi, na fundi huwezi kumzuia asiguse kazi nzuri. Pini alipotoka stoo alimkuta kichwa kimeangukia nyuma, mikono imening'inia, na anakoroma kiasi cha kushindana na mvua juu ya bati.

Alisimama akamsikiliza. Alisema alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele, na alitaka kumpigia mama yake simu, vyote kwa wakati mmoja. Kisha radi ikapiga, Sponji akaruka na kusimama wima.

"Bosi, ulilala," alisema Pini.

"Sikulala."

"Ulilala, bosi. Nimekuona."

"Nilikuwa nafikiria."

"Ulikuwa unakoroma."

"Nafikiria kwa sauti," alisema Sponji, akatoka nje kwenye mvua bila mwamvuli.

Tuliporudi na chai tulimkuta Pini anapigilia misumari kwenye kochi la mteja, nyundo inapiga kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Aliponieleza, nilimchukia shemeji yangu. Simaanishi niliudhika. Nilimchukia, na wiki zilizofuata sikumtania hata mara moja, na kwa mtu anayetujua hilo ni jambo kubwa kuliko tusi. Kumnyima mtu kazi ni jambo moja, ndiyo dunia ilivyo. Lakini kulala kwenye kiti cha mtoto wa watu, kisha ukafuta kinywa na kusema hukuonja?

Adhabu ilianza upesi, na haikutoka kwangu. Dada yangu alinipigia simu mchana mmoja, sauti imepanda.

"Mmempa nini mume wangu huko?"

"Kwani kafanya nini?"

"Halali! Siku ya ngapi hii sijui. Anageuka, anaamka, anakwenda kukaa kwenye kochi la sebuleni, anarudi. Mimi nimezoea kelele zake, sasa na mimi silali!"

Nikamwambia amuulize mwenyewe. Alimuuliza, akajibiwa kwamba ni kahawa. Karakanani tulikuwa tunamwona. Macho mekundu, anapima ubao mara mbili na kuukata vibaya. Benki alikwenda akasimama kwenye foleni mpaka mwisho akiwa macho, na mlinzi alimuuliza kama kuna msiba. Mtu aliyekuwa akilala mahali popote alikuwa sasa hapati hata lepe la usingizi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumweleza kwa nini.

Pini naye hakununa wala hakususa. Kila asubuhi alikifuta vumbi kiti chake kwa kitambaa kikavu, akakiacha pale pale katikati, tukawa tunakizunguka. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitano wiki hizo. Mama yake alimtumia salamu, nasi tukamnunulia keki ndogo. Sponji aliimba pamoja nasi huku anatazama chini.

Afisa alirudi siku ya mwisho ya mkataba. Mafua yake yalikuwa bado yapo, au yalikuwa mapya. Mhasibu alikuwa amefika mapema, kofia kichwani, na faili limeshaandaliwa: mwanagenzi hakufuzu, asante sana, naomba kijana mwingine. Afisa alivaa miwani akasoma.

"Hajafuzu. Amefanya mtihani?"

"Amefanya, mheshimiwa," alidakia mhasibu.

"Kwenye maelezo yenu mtihani ni mwajiri kulala." Akageuza ukurasa. "Alikaa kwenye kiti asilale?"

"Hiyo ilikuwa lugha ya mafumbo tu, mheshimiwa."

"Hapa hakuna fumbo. Pameandikwa kulala, na niliandika mimi." Akakitazama kiti cha kijani, akakibonyeza kwa kidole kama mtu anayechagua embe, kisha akamgeukia Sponji. "Mimi siwezi kusaini mtihani ambao haukufanyika. Kaa, mzee. Ulale au usilale, niandike niende."

Sponji akaketi. Seremala akazima msumeno. Mimi nikaondoa mguu kwenye cherehani. Afisa alivutiwa kigoda, akakaa na kalamu yake, serikali nzima ikawa imekaa inasubiri mtu asinzie. Pini alisimama karibu na meza ya kukatia, misumari midomoni, mikono imefungwa kifuani.

Hakulala. Nilimwona anajaribu, na nawaambia haikuwa tena kujaribu kutolala. Alifumba macho, akashusha mabega, akavuta pumzi ndefu. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatikisika. Alibadilisha mkao. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Kiti kile kingemlaza askari wa zamu, lakini yeye alikuwa amejiharibu mwenyewe, na usingizi hauji kwa amri. Afisa akatazama saa. Mhasibu kwa mara ya kwanza tangu nimjue alivua kofia, na kumbe ana upara.

Ndipo Sponji alipoanza kukoroma.

Mimi nimelala chumba cha pili nyumbani kwa dada yangu mara nyingi, najua mikoromo ya shemeji yangu kama ninavyojua sauti ya mlango wangu. Ile haikuwa yake. Ilikuwa mikoromo ya mchezo wa redioni, inapanda na kushuka kwa mpangilio, na mwishoni aliongeza filimbi. Nikaelewa anachofanya, na moyo wangu ukalainika kidogo. Alikuwa anamfuzisha. Alikuwa ameona hawezi kulala, na ameamua kudanganya, safari hii upande wa Pini. Nikasema kimoyomoyo, haya, hata mimi nitaapa kwamba amelala, nitaapa kwa kitabu chochote watakachonipa.

"Amelala?" afisa akanong'ona.

"Fofofo," nikasema.

Mhasibu alifungua mdomo, nikamkazia macho akaufunga. Afisa akaweka kalamu kwenye karatasi.

Pini akatema misumari kiganjani.

"Mama, usiandike. Hajalala."

Nilitaka kumkaba. Huyu mtoto ana wazimu? Cheti kiko umbali wa saini moja, na yeye anakifukuza! Sponji aliendelea kukoroma kwa bidii zaidi, masikini, akifikiri labda hakueleweka.

"Bosi, acha," alisema Pini. "Fumbua macho. Kiti changu hakihitaji kuonewa huruma. Sema siku uliyolala."

Mikoromo ikakatika. Sponji akafumbua macho, akabaki anatazama dari. Afisa akapenga kamasi.

"Jumanne ile ya mvua," akasema hatimaye. "Nilikaa hapa nikalala. Nililala vizuri sana. Huyu akaniona, nikamkatalia usoni. Na tangu siku ile sijalala tena, mheshimiwa, si hapa wala kwangu."

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa hiyo amefuzu."

"Amefuzu."

"Tangu leo, au tangu Jumanne hiyo? Nauliza kwa sababu kama ni leo, leo ndiyo siku ya mwisho ya msamaha wako, huna unachodaiwa. Kama ni Jumanne hiyo, msamaha ulikoma siku hiyo. Kodi ya tangu hapo utailipa, na faini ya kuchelewa juu yake."

"Leo!" akasema mhasibu. "Mzee, sema leo. Cheti ni kile kile!"

"Sijakuuliza wewe," alisema afisa.

Mhasibu alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Cheti kilikuwa kile kile. Paa lilikuwa linavuja vile vile. Nilimtazama shemeji yangu, naye akanitazama, na sikumsaidia hata kwa kope. Akamgeukia Pini, akashika mikono yote miwili ya kile kiti cha kijani na kusema, "Andika Jumanne."

Afisa akaandika. Mhasibu akaketi juu ya gunia la pamba na kofia yake mapajani.

"Basi bosi," alisema Pini, "kama ni Jumanne, mimi nimekuwa nikifanya kazi ya fundi kwa posho ya mwanagenzi tangu Jumanne."

Mhasibu akavaa kofia akafunga na mkanda wa kidevu. Sponji alianza kucheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka sana, kikamtikisa mabega mpaka akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Na hiyo nitalipa," akasema. "Nitalipa yote, fundi."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Pini aliitikia kwa kichwa tu, akarudisha misumari midomoni, akaenda kuendelea na kochi la mteja aliyesema atalifuata jioni. Mimi niliinamia cherehani yangu nikashona mshono mbovu kuliko yote niliyowahi kushona, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuona uzi unakokwenda.